Nduru Ndani ya Koo

Chebet amenisumbua kwa simu tangu nilipostaafu. Anasema vijana wanaoingia maabara siku hizi wanajua kubonyeza kila kitufe, lakini ukiwauliza kitufe kinafanya nini, wanakimbilia simu kutafuta jibu. "Madam, andika kitu uwaambie," ananirai kila akipiga. Basi naandika. Mkichoka njiani mlaumuni yeye, kwa sababu mimi nilikuwa nimeketi zangu nikichambua mboga ya managu.

Kazi yangu ilikuwa kukata nyama. Hivyo ndivyo nilivyomjibu mama mmoja wa viazi pale soko la Roret aliponiuliza nafanya nini hospitalini, maana nilikuwa na haraka na sikutaka maelezo marefu. Alifurahi sana. Toka siku hiyo akawa ananiongezea viazi juu ya kipimo, na mimi nikidhani ananipenda tu kwa tabia zangu nzuri. Baadaye akaniuliza, "Na maini utaniletea lini?" Ikabidi nimweleze kwamba nyama ninayokata ni ya watu. Viazi vya nyongeza vilikoma hapo hapo, na salamu zikapungua.

Nitawaeleza ninyi vizuri zaidi. Daktari akishuku saratani, anatoa kipande kidogo kama punje ya mchele kutoka koo, tumbo au titi la mgonjwa, anakitia kwenye fomalini ili kisioze, kisha anakileta kwetu. Sisi tunakikausha, tunakizamisha kwenye nta, tunakikata vipande vyembamba kabisa, tunavilaza juu ya kioo na kuvitia rangi. Daktari wa kusoma vioo anaweka jicho kwenye hadubini na kusema huyu ana saratani, huyu hana. Ukikata vibaya wewe, daktari anasoma vibaya, na mtu aliye nyumbani akingoja jibu anapewa jibu lisilo lake. Ndiyo maana naudhika nikisikia kijana akisema sisi ni watu wa kukata tu.

Aliyenifundisha ni Mzee Rono. Alikuwa anaitwa Mzee hata kabla hajapata mvi, kwa sababu ya kutembea mikono nyuma na kutazama vitu kwa muda mrefu bila kusema neno. Mimi wazazi wangu walitoka upande wa ziwa wakaja kuchuma chai Kericho. Nilizaliwa kwenye nyumba za kampuni, na Kipsigis nilikijua kwa kucheza na wenzangu kabla sijajua Kiingereza. Hospitali yetu ilikuwa upande wa Bomet, mahali ambapo ukitoka langoni hatua chache unakanyaga chai ya mtu. Mzee Rono aliponisikia nikisalimia "chamgei" alicheka, akasema, "Huyu wa ziwa ameiva. Tumweke hapa."

Wiki ya kwanza hakuniruhusu kugusa mashine. Nilikaa kwenye kigoda nikimtazama. Anatoa kipande cha nta kwenye barafu, anakifunga kwenye mashine, halafu kabla ya kuzungusha mkono wa mashine anakipulizia pumzi, hahh, mara moja, kama mtu anayesafisha miwani. Nilidhani ni mazoea tu, kama wale wanaopiga ishara ya msalaba kabla ya kuwasha gari. Nilipojaribu mwenyewe bila pumzi, nta ilikatika ikawa vumbi tupu. Nta iliyotoka barafuni ni ngumu mno, na ile pumzi inailainisha kidogo tu pale juu ili vipande vitoke vimeshikana kama ukanda mmoja mrefu. Hakuna kitabu kilichoniambia hivyo. Siku hizi mashine zenu zinapoza zenyewe, lakini stima ikipotea, jueni kwamba pumzi mnayo bado.

Ule ukanda unaulaza juu ya maji ya uvuguvugu ili ujikunjue. Maji yakiwa moto, nta inayeyuka na kipande kinatawanyika. Yakiwa baridi, unabaki na mikunjo. Kipimajoto chetu kilikuwa kimevunjika na kingine hakikuwa kimekuja. Mzee Rono akaniambia, "Tumbukiza kidole. Ukiweza kukaa bila kusema kitu, iko sawa." Mwenyewe hakufaa kwa kipimo hicho. Mtu aliyekuwa anakunywa chai ikitokota, akimimina kutoka chupa moja kwa moja hadi kooni huku mvuke ukimfunika uso, kidole chake kingevumilia hata makaa. Saa ya chai tulitoka kwenye varanda, kwa maana ndani ya maabara hakuliwi wala hakunywewi, na mimi kikombe changu nilikipuliza mpaka yeye anamaliza cha pili. "Chai ikipoa ni maji ya kuosha vikombe," alinicheka. Tulikuwa tunarudi ndani moja kwa moja kukata koo za watu, na wengi wao walikuwa wanakunywa hivyo hivyo. Mgonjwa baada ya mgonjwa alikuja na shida ile ile, chakula kinakwama. Wataalamu wanashuku mambo mengi, na chai ya moto sana ni moja yao. Sisi tulilijua shaka hilo na bado tukatoka kwenda varandani.

Siwezi kupita hapa bila kusema habari ya vumbi jeusi, kwa sababu Chebet ataniuliza. Nilikuwa nimeshazoea kazi, nikaanza kuona chembe nyeusi kwenye vipande vya koo. Vitone vidogo, vikali, vyeusi tititi. Nikajua rangi yangu ina uchafu. Nikachuja rangi. Vikarudi. Nikaosha beseni la maji, nikabadilisha nta, nikasugua vioo kwa spiriti mpaka vidole vikachubuka, na vitone vikarudi. Nikaanza kuamini kuna mtu ananichukia. Mzee Rono alinitazama nikihangaika kutwa nzima, mikono nyuma, kisha akauliza, "Hawa wagonjwa wako wanakunywa nini asubuhi?" Nikasema chai. "Na nini ingine?" Nikachukua kioo kingine nikisugue. "Mursik, Achieng'. Hiyo ni makaa ya sotet." Mursik, maziwa yetu ya kugandisha, huwekwa ndani ya sotet, yaani kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti, na chembe za makaa zilikuwa zimeshuka na maziwa zikakwama kwenye kidonda. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekunywa mursik asubuhi hiyo kwa jirani. Fundi kutoka mji mwingine angeomba msaada. Mimi nilikuwa na jibu kwenye meno na nikaosha vioo kutwa.

Sasa naja kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika.

Rangi tunazotumia ni mbili. Moja inafanya kiini cha kila seli kuwa bluu iliyoiva, nyingine inafanya sehemu zilizobaki kuwa waridi. Saratani huonekana kama msongamano wa bluu usio na mpangilio. Lakini kuna seli nyingine, ndogo, za mviringo, za bluu nzito, ambazo si saratani. Hizo ni za kinga ya mwili. Kazi yake ni kumtambua mgeni mbaya na kumuua. Madaktari wengi wanaziita askari. Mzee Rono alikataa neno hilo, akasema askari akifika kwako kwanza anauliza kitu kidogo. Yeye aliziita majirani.

"Angalia hapa," aliniambia siku moja, akasogeza kichwa chake ili nami niweke jicho. "Unaona majirani?" Niliwaona, wengi, wamejipanga kuuzunguka uvimbe. "Wako ndani ama nje?" Nikatazama vizuri. Walikuwa nje. Wamefika hadi ukingoni wakasimama. "Kila siku hivyo," akasema. "Wamefika kwa ua na hawaingii. Na mwizi yuko ndani anakula. Kwa nini?"

Nilimuuliza daktari wetu, naye akasema ni swali zuri. Mjue kwamba daktari akisema swali ni zuri, hana jibu. Mzee Rono aliendelea kuuliza mpaka akastaafu. Alikuwa na nadharia yake. Huku kwetu mwizi akiingia bomani, mtu hupiga nduru, na ukisikia nduru hata kama umelala na mke amekununia unatoka mbio na rungu. Lakini bila nduru, utaona taa kwa jirani ukadhani wana wageni, ukarudi kulala. "Saratani ni mwizi wa nyumbani," alisema. "Sura ni ya mtoto wa boma. Hakuna mtu anapiga nduru." Mimi nilicheka, nikamwambia aende shambani apumzike, maana alikuwa amebakiza miezi michache kazini.

Alienda shambani kweli, kwake karibu na Roret, akakaa na chai yake na ng'ombe wake wawili na mkewe, Mama Cheruto. Mimi nikabaki maabara. Chebet, ambaye tulimfundisha sote wawili, akahamia maabara ya hospitali kubwa mjini. Kisha asubuhi moja Mzee Rono akafika mlangoni kwangu amevaa koti la kanisa. Alikuwa amekonda. Hakusema salamu ndefu.

"Achieng', maharagwe inakwama."

Hapakuwa na haja ya kueleza zaidi kati yetu. Nilitaka kumwambia labda ni vidonda vya tumbo, na nikaona aibu kumwambia mtu kama yule uongo mdogo kama ule. Kipande kilitolewa siku hiyo. Nilitamani mtu mwingine akikate, lakini zamu ilikuwa yangu. Kabla hajaondoka alichungulia mlangoni akasema, "Usinikate nene." Nilikata. Nilipulizia pumzi kwenye nta yenye koo la mwalimu wangu, nikazungusha mkono, na machozi nikayazuia kwa mkono wa koti yasidondoke kwenye maji. Daktari alisoma kile nilichokuwa nimeshakiona. Na majirani walikuwepo, wamesimama ukingoni.

Uvimbe ulikuwa umekwisha shuka chini, mahali ambapo upasuaji haufai. Walimwekea mpira wa kupanua koo ili uji upite, wakampa dawa, ikasaidia kidogo na kuacha. Hapo ndipo Chebet alipotupigia simu. Pale hospitali kubwa kulikuwa na daktari wa utafiti, nitamwita Daktari Njeri, aliyekuwa anatafuta watu wenye saratani ya koo ambao dawa za kawaida zimekwama. Tukaenda wanne, mzee, mkewe, binti yao na mimi.

Daktari Njeri alikuwa mtu wa maneno machache na alianza na yale mabaya. "Mzee, siwezi kukuahidi kupona. Hii ni utafiti. Tunaangalia kwanza kama ni salama, halafu kama inafanya kazi." Kisha akaeleza. Wanachukua kirusi, wanakidhoofisha kisiweze kuleta ugonjwa, wanakibebesha jeni. Jeni ni agizo linaloiambia seli itengeneze kitu gani. Kwa bomba lenye kamera wanashuka hadi kwenye uvimbe na kuudunga pale pale. Kirusi kinaingia ndani ya seli za saratani na kuziachia lile agizo, na seli zinaanza kutoa kemikali inayoita kinga ya mwili.

Mzee Rono aliinuka kitini. Wallahi, mgonjwa aliyekuwa anabebwa begani alisimama wima.

"Unataka kusema," akauliza, "huyo mwizi ndiye atapiga nduru yeye mwenyewe?"

Daktari Njeri alifikiri kidogo. "Ndiyo. Ukitaka kuiweka hivyo, ndiyo."

"Na majirani wanaingia?"

"Hiyo ndiyo tunataka kujua."

Mama Cheruto alikuwa ameketi kando, kitambaa kimefungwa kichwani, mkoba mapajani. "Virusi?" akasema. "Ako na kansa na nyinyi mnataka kumwekea virusi? Mnamwongezea ugonjwa ingine?"

Daktari alimweleza tena, polepole, na Mzee Rono akaongeza maelezo yake kwa Kipsigis, na ndani ya Kipsigis chake nilisikia nduru na ua na majirani. Alikuwa na furaha kama mtu aliyepata ng'ombe aliyepotea. Alipomaliza alisema, "Mimi nimeangalia hiyo kitu kwa kioo miaka yote. Nataka kujua."

"Na mimi nataka mume," akasema Mama Cheruto.

Binti yao alitazama dirishani. Mzee alimgeukia mkewe akamwambia kwa sauti ya chini kwamba akikaa nyumbani mume hatabaki hata hivyo, na akienda huenda akabaki kidogo. Mama Cheruto alifungua mkoba na kuufunga. Mwishowe akasema, "Daktari, akilia kwa uchungu mtaacha?" Daktari akasema wataacha siku hiyo hiyo atakayotaka. Hivyo ndivyo alivyokubali.

Alidungwa mara kadhaa, na kila mara baada ya siku moja au mbili alipata homa. Daktari alikuwa ametuonya. Homa hiyo haikuwa malaria, ilikuwa dalili kwamba kinga imeamka, na ikipita kiasi tupige simu. Mzee Rono aliifurahia homa ile kuliko nilivyowahi kuona mtu akifurahia afya. Nilimtembelea nikamkuta ndani ya blanketi, meno yanagongana, kipimajoto kwapani. "Niachieni hii homa," alituambia. "Hii ni yangu. Nimeitafuta mbali." Majirani wa kweli wa kijiji walikuja kumwombea, wakaketi, wakaletewa chai. Mama Cheruto alikuwa ameapa kwamba chai ya moto haitamfikia mtu tena katika nyumba ile, kwa hiyo alikuwa anaitengeneza, anaifunika, na kuiacha mpaka inapoa. Kumpa mgeni chai ya uvuguvugu kwetu huku ni kama kumwonyesha njia ya kutoka. Mzee mmoja wa kanisa alionja, akatazama ndani ya kikombe, akamtazama mama, kisha akasema sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia.

Hatari ilitokea upande mwingine, na hii mnapaswa kuikumbuka kwa sababu mtaikuta. Mzee hakuwa anakula vizuri. Jirani mmoja mwenye moyo mzuri akaenda duka la dawa huko Chepseon alikokuwa ametembelea dada yake, akarudi na vidonge vya kuongeza hamu ya chakula. Huku watu wanavipenda sana, mtu ananenepa mashavu na familia inashangilia. Mama Cheruto alimpa viwili na maji. Mzee alivishika mkononi akaomba aone karatasi. Miaka ya kusoma vibandiko vidogo haipotei. Akasoma jina, akaniita kutoka sebuleni, maana nilikuwa nimekuja kumtazama.

"Hii si ni steroidi?"

Nikasoma. Ilikuwa hiyo. Dawa hiyo ina kazi zake nzuri, lakini moja ya kazi zake ni kuituliza kinga ya mwili. Tulikuwa tumetafuta kila njia kuwaamsha majirani, na mtu alikuwa amewaletea blanketi. Mama Cheruto aliweka kikombe cha maji chini. "Ningemuua?" akaniuliza. Nikamwambia hapana, hajanywa, na hata angekunywa tungempigia daktari. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia mkewe atupe vile vidonge na amletee mursik iliyochujwa kwa kitambaa, maana hakutaka makaa yamchanganye Chebet kwenye kioo.

Baada ya zile sindano walitoa kipande kipya. Mzee aliomba jambo moja, akione mwenyewe. Daktari Njeri alisita, kisha akasema koo ni lake. Tulienda tena. Maabara ya Chebet ina hadubini ya vichwa viwili, watu wawili wanatazama kioo kimoja kwa wakati mmoja. Mama Cheruto alikataa kuingia. "Mimi sitaki kuona hiyo kitu ikiwa ndani ya mtu wangu," akasema, akaketi kwenye benchi la nje.

"Mzee, keti hapa," Chebet alisema. "Madam, wewe huku." Akaweka kwanza kioo cha zamani, kile nilichokata mimi. Majirani ukingoni. Akakitoa, akaweka kipya, akazungusha kurekebisha.

Nimetazama vioo maisha yangu yote ya kazi. Sikuwa nimewahi kuona vile kwenye koo. Vile vitone vidogo vya bluu nzito vilikuwa kila mahali, katikati ya uvimbe, vimejipenyeza kati ya seli za saratani, na mahali pengine seli za saratani zilikuwa zimekufa na kubaki vivuli vya waridi. Nilisubiri mzee aseme kitu. Niliinua jicho langu nikamwona yeye bado ameinama, mikono magotini.

"Achieng', unaona?"

"Naona, Mzee."

"Wameingia."

"Wameingia mpaka jikoni."

Alisogeza kioo polepole, akatazama pembe zote. "Lakini huku chini mmekata nene," akasema. Chebet alicheka na kulia pamoja, akatafuta kitambaa mfukoni mwa koti akakosa. Daktari Njeri alisema, kwa upole, kwamba kipande ni kidogo na hakisemi habari ya mwili mzima. "Najua," mzee akamjibu. "Mimi ndiye nilikuwa nafundisha hiyo." Kisha akatoka nje akamwambia mkewe. Mama Cheruto hakuuliza habari ya seli. Aliuliza, "Sasa utakula?"

Alikula. Kwa miezi kadhaa alikula. Mpira wa koo uliondolewa, na Krismasi hiyo nilimwona akila ugali laini na mboga, akitafuna kila tonge muda mrefu, mkewe akimhesabia kwa macho. Alirudi kutembea mikono nyuma kati ya mistari ya chai. Mimi nilifurahi waziwazi, nikaanza kuwaambia watu kanisani. Sikupaswa kuwaambia mapema vile, lakini ningenyamazaje?

Kisha akaanza kuumwa upande wa kulia chini ya mbavu. Picha zilionyesha saratani iko kwenye ini. Mzee alimuuliza Daktari Njeri kama majirani wa kwenye ini hawakusikia nduru au walisikia wakazuiwa kuingia. Daktari alisema hajui. Huenda hiki, huenda kile. Mzee akasema hata yeye hajui, na akaomba wachukue kipande cha ini pia, kama kitawasaidia. Walikichukua. Alifariki nyumbani kwake mvua ndefu zilipoanza, mkewe akiwa amemshika mkono, na hakuwa na uchungu mwingi, nashukuru Mungu kwa hilo.

Nilirudi kumwona Mama Cheruto baada ya wageni wa matanga kwisha, nikiwa na sukari na mkate. Sikumkuta nyumbani. Alikuwa shambani anachuma, kwa maana chai haingoji mtu amalize kulia. Nikajifunga leso, nikachukua kikapu, nikaingia kwenye mstari wa pili. Nilizaliwa na wachumaji na mikono bado inakumbuka. Tulichuma, kila mmoja na kikapu chake mgongoni.

"Achieng'," akasema bila kuinua kichwa. "Hiyo siku kwa Chebet. Hao majirani waliingia kweli, ama mlikuwa mnafurahisha mzee?"

"Waliingia, Mama Cheruto. Niliwaona na haya macho yangu."

"Wengi?"

"Wengi sana."

Alichuma tena, akatupa majani mgongoni. "Basi mbona amekufa?"

Nimejibu maswali mengi ya wagonjwa na ya wajane. Kuna majibu ya kanisa na kuna majibu ya hospitali, na yote nilikuwa nayo. Nilimtazama nikaona hataki lolote kati ya hayo.

"Sijui," nikasema.

"Daktari anajua?"

"Nilimuuliza. Hata yeye hajui."

"Hao wote wamesoma hivyo na hakuna mtu anajua?"

"Bado."

Alisimama wima, mkono kiunoni, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu. "Hiyo kipande ya mzee, walitupa?"

"Hapana. Haitupwi. Iko kwa Chebet."

"Ya koo na ya maini?"

"Zote mbili."

"Basi ambia hao watoto wenu wa maabara waangalie tena," akasema Mama Cheruto, akainama kuendelea na mstari wake. "Waangalie hiyo ya maini. Na wakijua, mtu akuje aniambie."

Ndiyo sababu nimeandika. Vipande viko kwenye kabati la Chebet, ndani ya nta. Mama Cheruto bado yuko kwake Roret, anangoja mtu aende amwambie.